Pai Iliyofaulu Ukaguzi

Kila neno mtakalosoma hapa ni kweli tupu. Naapa kwa magego yangu mawili yaliyobaki, na nikisema uongo yang'oke leo hii bila ganzi. Najua wapo wanaonong'ona kwamba mzee huyu anachonga. Sichongi. Anayechonga katika mji wetu wa Wragsea ni Daktari Probert, tena huchonga meno.

Haya. Tuliachana mkono wa Bwana Lionel Umpleby ukiwa kwenye kitasa cha mtambo wa mvuke.

Kwa waliochelewa: Bwana Umpleby ni mkaguzi wa serikali, mrefu, mkavu, kalamu zimejipanga kifuani kama askari. Ametoka mji wa Lincoln alfajiri kuja kupima mambo mawili katika kliniki ya meno ya Mtaa wa Haven: kama pako salama, na kama pana mtu anayepaongoza. Mtambo wa mvuke ni lile sanduku la chuma ambamo vyombo vya kuingia vinywani mwa watu hupikwa mpaka kila kijidudu kisalimu amri. Na mwanamke aliyesimama nyuma ya mkaguzi, akitabasamu kama aliyemeza sabuni, ni Bi Beryl Stainforth, meneja.

Alikuwa na sababu ya kutabasamu. Asubuhi nzima alikuwa anashinda. Mtungi wa oksijeni? Umejaa. Dawa za mgonjwa akizimia? Zipo, wala hazijaharibika. Mabomba yamefunguliwa maji yakatiririka mpaka mtaa mzima ukajua. Hata kile chombo cha kuzimia moto kilikuwa kimefutwa vumbi na kupigwa rangi ya kucha pale kilipochubuka.

"Hiki ndicho cha mwisho," alisema Bwana Umpleby, akavuta kitasa.

Mlango ukafunguka. Psssss.

Ukatoka mvuke. Nyuma ya mvuke ikatoka harufu. Haikuwa ya chuma wala ya dawa. Ilikuwa harufu ya nyama ya ng'ombe, vitunguu na pilipili manga.

Katikati ya trei, baina ya vioo vya meno na koleo za kung'olea, imekaa pai.

Ukoko wake ulikuwa umelainika kama godoro la hospitali, mchuzi unatiririka pembeni taratibu, bila haya.

"Bi Stainforth," alisema mkaguzi. "Hiki ni nini?"

"Wapi?"

"Hapa. Chini ya pua yangu."

"Aa. Hiyo." Bi Beryl akakohoa. "Hicho ni kipimo cha joto."

"Kipimo cha joto chenye mchuzi?"

"Ndivyo vya kisasa."

Mtambo, ambao haujui aibu, ukalia pii, ukatema kikaratasi chake kama ufanyavyo kila unapomaliza kazi. Bwana Umpleby akakichana. Akakisoma, akavua miwani, akakisoma tena.

"Joto, sawa. Mvuke, sawa. Muda, sawa. 'Imefaulu.'" Akamgeukia. "Bi Stainforth, pai yako imefaulu."

"Hongera zake," alisema Bi Beryl, maana ulimi ulishatangulia akili.

Bwana Umpleby hakucheka. Alitoa simu mfukoni.

"Tokeni nyote. Huu ni ushahidi, nataka kuupiga picha. Mlango nitaufunga mwenyewe."

Na akaufunga.

*

Korido ya kliniki ile ni nyembamba kiasi kwamba mtu mnene akipita lazima rangi ya ukuta impe kumbukumbu. Wakabanana humo watu watatu: Bi Beryl, muuguzi Tamsin, na Daktari Gethin Probert.

Daktari ni Mwelshi mwenye tumbo lake, lakini mikono yake ni myepesi kama ya mchomoaji wa mifukoni. Anakung'oa gego huku anakusimulia habari za raga. Ukija kushtuka jino liko sahanini na Wales imeshafungwa.

"Nani?" Bi Beryl alifoka kwa kunong'ona. "Nani kapika humo?"

Tamsin akatazama dari. Daktari akatazama viatu.

"Gethin!"

"Nilikuwa na njaa, Beryl."

"Una njaa! Mtu mzima, shahada ukutani, anatia pai kwenye mtambo wa vyombo vya wagonjwa eti ana njaa!"

"Sasa ningeitia wapi? Maikrowevu umeitupa!"

"Nimeitoa kwa sababu haina kibandiko cha fundi wa umeme! Mkaguzi angeikuta haijapimwa, tumekwisha!"

"Sawa. Na kibaniko cha mkate?"

"Hakina kibandiko. Nimekitoa."

"Na lile jiko dogo?"

"Nalo pia."

"Basi mimi nimezunguka jengo hili lote, pai mkononi, natafuta kitu chenye moto na kibandiko. Kipo kimoja tu. Fundi kakipima juzi, kakibandika, kaweka na saini." Daktari alinyoosha kidole kwenye ule mlango uliofungwa. "Beryl, pale ndipo mahali salama kuliko pote humu ndani. Si wewe uliyesema tusiguse kifaa kisicho na kibandiko? Nimetii!"

Bi Beryl akautazama ule mlango. Tangu aanze kazi na mtu huyu, hili lilikuwa agizo lake la kwanza kufuatwa.

"Si ungekula baridi?" aliuliza Tamsin.

"Pai? Baridi?" Daktari akamtazama kama ametukaniwa mama yake. "Binti, umelelewa wapi wewe?"

"Grimsby."

"Ndiyo maana."

"Kelele!" Bi Beryl aliwapiga wote wawili kwa macho. Kisha akachungulia kupitia kioo cha mlango wa chumba cha kungojea.

Kilikuwa kimejaa. Kuna mama kafunga shavu kwa skafu. Kuna msichana wa baa anayeficha tabasamu kwa kiganja. Na kiti cha kwanza kabisa, kofia magotini, amekaa Mzee Cyril Grummitt.

Mnajua, wasomaji wangu, kwa nini watu hawa wanakuja kabla mlango haujafunguliwa. Kliniki hii ndiyo ya mwisho Wragsea inayopokea wagonjwa wanaolipiwa na serikali. Ya Barabara ya Kanisa inang'arisha meno ya matajiri. Ya sokoni imegeuzwa saluni ya kucha. Hii ikifungwa, watu watarudi kwenye koleo, tena zile za bandani. Mzee Cyril alishang'oa mawili mwenyewe kabla Bi Beryl hajampatia nafasi: akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafunga macho, akavuta, akasukutua kwa wiski. La pili, alisema, lilitoka kwa awamu.

"Sikilizeni," alisema Bi Beryl. Sauti ilikuwa imetulia sasa, na Bi Beryl akitulia ndipo pa kuogopa. "Nitasema ni mimi."

"Huwezi!" alisema Daktari.

"Naweza. Wewe ukifungiwa, nani atang'oa? Mimi nikifungiwa, meneja anapatikana. Tangazo gazetini, wiki mbili, amekuja mwingine na viatu virefu. Daktari wa meno wa serikali hapatikani hata ukimwita kwa tarumbeta."

"Lakini wewe hata nyama huli!" alisema Tamsin.

"Leo nimeanza."

Kitasa kikalia. Bwana Umpleby akatoka na sahani, pai juu yake imefunikwa kitambaa cha karatasi kama maiti ya heshima. Akaipeleka mwenyewe mpaka kwenye kaunta ya mapokezi, mbele ya wagonjwa wote, akaiweka.

"Asiguse mtu," alisema. "Sasa. Nauliza mara moja tu. Nani kaiweka pai hii mle ndani?"

"Mimi," alisema Bi Beryl.

Bwana Umpleby akachomoa kalamu.

"Mimi!" alisema Tamsin, akasogea mbele. Hakuwa ameambiwa na mtu. Moyo tu ulimpanda.

Kalamu ikasimama.

"Waongo hawa," alisema Daktari Probert, akatoa tumbo mbele. "Mimi ndiye. Mwangalieni mtu, iangalieni na pai."

Na kabla mkaguzi hajapata pumzi, kiti cha kwanza kikalia kwikwi. Mzee Cyril alikuwa amesimama, kofia kifuani.

"Mimi pia," alisema.

"Wewe ni nani?"

"Mgonjwa."

"Wewe mgonjwa umeingia chumba cha vyombo, ukafungua mtambo wa mvuke, ukatia pai?"

Mzee Cyril alifikiri. "Nilipotea njia ya msalani."

Chumba chote kikanong'ona kwa fahari. Yule mama wa skafu akawa tayari anainua mkono.

Mliodhani mapenzi haya yangemlainisha Bwana Umpleby, hamjui wakaguzi. Uso wake ulizidi kukauka. Alisogeza karatasi yake karibu, akasema polepole, ili kila mtu asikie:

"Pai moja ni uzembe. Uzembe naweza kuusahihisha. Lakini wapishi wanne, tena mmoja kaokotwa chumba cha kungojea, huo si uzembe. Huo ni mfumo. Kliniki ambayo kila mtu anapika, hakuna anayeongoza. Na pasipo na anayeongoza, mimi nafunga. Leo. Saa hii."

Akaanza kuandika.

Bi Beryl alisikia kalamu ile kama panya kwenye dari. Alimtazama Daktari, ambaye bado tumbo lilikuwa mbele. Alimtazama Tamsin, machozi yanamlenga. Alimtazama Mzee Cyril, anayetabasamu kwa mapengo, akidhani amewaokoa.

Hapo ndipo mwanamke yule alipofanya jambo ambalo mpaka leo kwenye foleni ya samaki wanalibishania. Akamchongea rafiki yake.

"Weka kalamu chini, Bwana Umpleby. Wote tumekudanganya, na mimi ndiye niliyeanza. Pai ni ya Daktari. Kaiweka yeye, peke yake, kwa mikono yake."

"Beryl!" alisema Daktari, kama mtu aliyechomwa sindano upande usio na ganzi.

"Nyamaza, Gethin. Na kaiweka kwa sababu mimi, kwa hofu yangu ya ukaguzi, nilizoa kila kitu chenye moto nikakifungia kwenye buti la gari langu, nisimwambie mtu atakula nini. Yeye kakosa kwa tumbo. Mimi nimekosa kwa kichwa. Kosa la kichwa ndilo kubwa."

Hakungoja jibu. Alichukua utepe mwekundu kwenye droo, akaenda kuufunga mtambo kwa msalaba. Akampigia fundi simu mbele ya watu. Akaamuru kila chombo kilichokuwa kwenye trei ile kioshwe upya na kihesabiwe upya. Kisha akasimama katikati ya chumba cha kungojea, akakunja mikono.

"Mabibi na mabwana, samahani. Daktari kapasha pai kwenye mtambo wa vyombo. Ndiyo, mmesikia sawa. Vyombo vya jana viko salama kwenye vifuko vyake, lakini vitatosha wenye maumivu tu. Waliokuja kusafishwa, nitawapigia simu mwenyewe niwape siku nyingine. Mwenye malalamiko alete kwangu, si kwa Tamsin."

Sasa, watu wa Wragsea ukiwaomba radhi, nao pia huomba radhi. Ndivyo walivyolelewa. Yule mama wa skafu akaanza: "Samahani na wewe, mpenzi, kwa kukuongezea kazi." Msichana wa baa akasema samahani, kaja mapema mno. Mwingine akasema samahani, kakalia koti la jirani. Ikawa samahani mpaka dirishani, na hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye foleni.

Bwana Umpleby aliangalia yote hayo. Kisha, taratibu, akaifunga kalamu yake.

"Bi Stainforth. Tangu asubuhi nakuuliza nani anaongoza hapa, unanionyesha mafaili. Sasa nimemwona."

Bi Beryl akashusha pumzi. Daktari akashusha tumbo. Mtu akapiga makofi mawili, akaona haya, akaacha.

Laiti ingeishia hapo! Ningekuwa nimeshakwenda zangu kunywa chai.

*

Tamsin alitoka chumba cha vyombo, midomo imekuwa myeupe.

"Bi Beryl. Ile trei."

"Imefanya nini?"

"Nimehesabu kama ulivyosema. Ncha moja ya keekee haipo. Ile ndogo kabisa. Ilikuwa upande uleule wa pai."

Ncha ya keekee ya daktari wa meno, wasomaji, ni kichuma chembamba kama punje ya mchele, kikali kama ulimi wa wifi. Kwenye jino ni dawa. Tumboni ni kisu.

"Imo ndani ya pai!" alisema Bwana Umpleby, na ajabu, yeye ndiye aliyeruka kuliko wote. "Asiiguse mtu! Nimesema asiiguse mtu!"

Wote wakageukia kaunta.

Sahani ipo. Kitambaa kipo. Pai haipo.

Wakageuka tena, safari hii kwa kufuata makombo. Makombo yalipita chini ya kaunta, yakapanda zulia, yakapanda suruali, yakaishia kwenye sharubu za Mzee Cyril Grummitt. Shavu moja lilikuwa limevimba kama puto.

"Mzee Cyril," alisema Bi Beryl kwa upole wa kutisha. "Unakula nini?"

"Si imefaulu?" alisema Mzee Cyril, kinywa kimejaa. "Nimesikia mwenyewe. Kila siku mnatuambia tule vitu visafi. Kuna pai safi kuliko..."

KAK!

Mlio ule ulisikika mpaka mtaani. Kitu kigumu kilikuwa kimekutana na jino.

Mzee Cyril akaacha kutafuna. Macho yakamtoka. Akatazama utepe mwekundu kule kwenye mtambo. Akamtazama Tamsin na trei yake. Akamtazama Bwana Umpleby, ambaye mkono ulikuwa umesharudi kwenye kalamu.

Mzee Cyril aliacha shule mapema, lakini si mjinga. Alielewa alichobeba kinywani. Kichuma kile kikitoka hadharani, hakuna samahani itakayoiokoa kliniki.

Akafumba mdomo. Paa! Kama duka Jumapili.

"Tema," alisema Bwana Umpleby.

Mzee Cyril akatikisa kichwa.

"Mzee, tema kwenye kitambaa hiki. Unaweza kufa!"

Akatikisa kichwa. Mapenzi mengine hayana akili, na haya yalikuwa ya aina hiyo.

"Cyril, we mpumbavu, tema!" alisema Bi Beryl, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli. "Afadhali wafunge! Afadhali nikauze samaki! Siwezi kukuzika kwa ajili ya pai!"

Mzee Cyril akamshika mkono, akaupigapiga, akafumba zaidi.

"Daktari!" Bwana Umpleby alipaza sauti. "Wewe ndiye mwenye kazi. Mfungue huyu mdomo!"

Daktari Probert alikuwa ameshavaa glavu. Alipiga magoti mbele ya mzee.

"Cyril, rafiki yangu. Unanipa ridhaa nikuangalie?"

Kichwa kikatikisika: hapana.

Daktari akainuka. "Ameshakataa. Bila ridhaa simgusi. Si wewe uliyenihoji habari ya ridhaa ya mgonjwa mpaka chai yangu ikapoa?"

Bwana Umpleby akafungua mdomo, akaufumba haraka, kama mtu mwenye siri upande wa kushoto. Amenaswa na sheria yake mwenyewe! Akavuta kiti, akakaa mbele ya Mzee Cyril, goti kwa goti.

"Nitangoja," alisema. "Hakuna mtu anayeweza kufumba mdomo milele."

"Laiti marehemu mke wa Cyril angeiona siku hii," alinong'ona yule mama wa skafu.

Wakatazamana. Chumba kizima hakipumui. Na Mzee Cyril angeshinda, nawaambia, angekaa vile mpaka Pasaka, isipokuwa jambo moja. Bi Scrimshaw wa duka la mikate, aliyeioka ile pai, huwa hapimi pilipili manga. Humwaga.

Pua ya Mzee Cyril ikacheza.

"Usithubutu," alisema Bi Beryl.

Pua ikacheza tena. Macho yakajaa maji. Kichwa kikaenda nyuma.

"Mshikeni pua!" alipiga kelele Tamsin.

"Haa..."

"Mzee, vumilia!"

"Haaa..."

Bi Beryl akamrukia. Daktari akamrukia. Wamechelewa.

CHAFYAAA!

Ncha ya keekee ikatoka kama risasi. Ikagonga taa, ikarudi ukutani, ikavunja saa, ikazunguka chumba mara mbili huku wagonjwa wamelala chini, ikatua katikati ya paji la uso la Bwana Umpleby. Akaichomoa taratibu. Hakulia. Akachukua kalamu, akaandika neno moja tu, FUNGENI, na tangu siku ile hapa Wragsea...

"Mwongo mkubwa wee!"

Nimekamatwa, wasomaji wangu.

Sehemu hii naiandikia hapahapa dukani kwa Bi Scrimshaw, meza ya dirishani. Sikuona kwamba nyuma yangu amesimama Mwanamkasi, mzaliwa wa Pangani, aliyeolewa na mtoto wa Mzee Cyril. Kumbe anasoma juu ya bega langu, na kila mstari anamtafsiria baba mkwe wake, aliyesimama pembeni yake, mzima, kofia kichwani.

"Risasi gani?" Mzee Cyril alinguruma. "Saa gani imevunjika? Saa ile haijatembea tangu Krismasi!"

"Baba anasema umeapa ni kweli tupu," alisema Mwanamkasi, akijizuia kucheka. "Anasema hapa Wragsea mwongo akikamatwa hapigwi. Analipa."

"Mwambie nimetia chumvi kidogo tu."

Akamwambia. Mzee akajibu kwa ufupi.

"Anasema chumvi katie kwenye chipsi zako. Yeye anataka pai. Ya moto."

Nimelipa. Ningefanyaje? Mzee Cyril amekaa mbele yangu, amekula nusu ya kwanza taratibu, ananitazama ninavyoteseka. Kisha akafuta sharubu, akaanza kusema, Mwanamkasi akitafsiri.

"Haya, andika, na safari hii uandike sawa. Ncha ya keekee haikuwamo kabisa. Tamsin aliikuta mfukoni mwa Gethin, alikoitia alipokuwa anaipisha pai kwenye trei. Kilichonitoka mimi kinywani hakikuwa cha chuma."

"Kilikuwa cha nini?"

"Dhahabu."

Kalamu ilinianguka.

"Kofia ya jino," alisema Mzee Cyril. "Ile inayovishwa gego bovu. Dhahabu tupu. Na dhahabu ninayomiliki mimi ni pete ya marehemu mke wangu, nayo siiweki kinywani. Kikaviringika sakafuni, kikapita viatu vyote, kikasimama mbele ya kiatu kirefu cheusi."

"Cha Bwana Umpleby!"

"Nani anasimulia, wewe au mimi? Mtu katoka Lincoln alfajiri, hajala. Sheria inamkataza kupokea hata biskuti. Halafu anajifungia peke yake na pai ya Bi Scrimshaw, ya moto, na kikaratasi kinachosema imefaulu. Naye ni binadamu. Basi Beryl akainama, akakiokota kile kitu kwa kitambaa, akakiinua kwenye taa tukakiona wote. Akauliza kwa heshima zake zote: 'Bwana mkaguzi, ulipojifungia na ushahidi, picha uliupiga kwa meno?'"

Mwanamkasi alilitafsiri neno hilo la mwisho kwa taabu. Alikaa chini, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.

"Akajibu nini?" niliuliza. "Mzee, akajibu nini? Kliniki akaifunga au hakuifunga?"

"Alishika shavu. Akautazama mlango. Akakitazama kile kiti cha Gethin, taa imewaka, hakuna kingine cha serikali mpaka Lincoln. Akamtazama Beryl. Kisha akasema..."

Mzee Cyril akanisogezea sahani tupu. Akakung'uta makombo, moja moja. Akaligeukia kabati la kioo la pai la Bi Scrimshaw, akaliangalia kwa muda mrefu sana.

Nimesimama tena kwenye foleni. Mbele yangu kuna watu, na pai imebaki moja.